Tahadhari kuhusu matone yanayouzwa Kampala kama dawa ya kiwewe

Ndugu zangu mlio Kampala, Entebbe na Jinja, hasa ninyi wenye jamaa waliorudi kutoka vitani au waliokimbia vita, nawatahadharisha kuhusu muuzaji mmoja anayejiita daktari, ambaye huwafuata watu kwa WhatsApp na kuwauzia chupa ya mililita 10 ya matone ya kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolevya, kwa shilingi 180,000, akidai kwamba inaponya kiwewe kwa siku 30. Kaka yangu, mwanajeshi mstaafu aliyewahi kuhudumu Somalia, alichukua chupa mbili. Aliyetuma pesa kwa simu ni mimi, kwa hiyo sehemu ya lawama naibeba mwenyewe.

Kilichonivuta ni kwamba mtu huyu hasemi upuuzi mtupu. Anaeleza kuwa mwili wa binadamu una mfumo wa endokanabinoidi, yaani kemikali za mwili wenyewe zinazofanya kazi kama zile za bangi, na hilo ni kweli: mwaka 1992 watafiti waliokuwa na Raphael Mechoulam huko Israeli walitambua kemikali ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe, na ambayo hushika vipokezi (sehemu za seli zinazopokea kemikali) vilevile vinavyoshikwa na kilevi cha bangi, wakaiita anandamidi kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Ni kweli pia kwamba mfumo huo unahusika na namna ubongo unavyoizima hofu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, panya wasio na CB1, kimojawapo cha vipokezi hivyo, waliendelea kuiogopa sauti iliyowahi kuambatana na mshtuko wa umeme, hata baada ya kuisikia tena na tena bila madhara yoyote, ilhali wenzao waliizoea wakatulia. Niliposoma hayo nilimwona kaka yangu, ambaye mlio wa ekzosi ya bodaboda humtupa chini hadi leo.

Utapeli unaanza pale anaporuka kutoka kwa panya hadi kwenye chupa yake. Kwanza kuna anachokiita kipimo: mgonjwa hulipa shilingi 50,000, hushikishwa fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta, na karatasi hutoka ikionyesha kiasi cha endokanabinoidi kilichobaki mwilini. Kemikali hizi hutengenezwa papo hapo kutokana na mafuta ya utando wa seli, kisha huvunjwa upesi na vimeng'enya. Watafiti huzipima katika damu, kwa mitambo maalumu ya maabara, wala hakuna fimbo inayoweza kuzisoma kiganjani. Siku ile tulipimwa wote wawili. Kaka alipata asilimia 22, nami ambaye sijawahi kusikia risasi ikilia nikapata asilimia 22 ileile. Hapo ndipo nilipopaswa kuinuka na kuondoka.

Tazameni sasa hesabu ya chupa yenyewe. Lebo inasema ina miligramu 500 za kanabidioli, ambazo zikigawanywa kwa siku 30 hazifiki hata miligramu 17 kwa siku, wakati jaribio moja la Brazili kuhusu wasiwasi wa kuzungumza hadharani lilipata nafuu kwa miligramu 300 zilizonywewa kwa mkupuo mmoja. Hayo ni kama lebo inasema kweli. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulipima bidhaa 84 za aina hii zilizonunuliwa mtandaoni, ukakuta ni 26 tu zenye kiasi kilichoandikwa, na 18 zikiwa na kilevi chenyewe cha bangi. Chupa tuliyouziwa haina jina la kiwanda, nambari ya toleo wala tarehe ya kuharibika. Tena bangi ya kuvuta ilipojaribiwa kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani wenye kiwewe, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, haikuonyesha nafuu iliyoizidi ile ya bangi bandia, iliyoondolewa kilevi, waliyopewa wenzao.

Ukimuuliza kuhusu sheria, atakwambia mahakama imeruhusu. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya dawa za kulevya kwa sababu akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa kupitisha sheria, haikutimia, si kwa sababu bangi ilionekana halali, na Bunge liliipitisha upya mwaka huohuo.

Jambo lililonitia hofu kuliko hasara ya pesa ni kwamba alimwagiza kaka aache vidonge vya setralini, dawa ya sonona na kiwewe, alivyoandikiwa hospitalini, eti vinauziba mfumo. Aliviacha ghafla, bila kupunguza kidogo kidogo. Kabla wiki haijaisha alikuwa na kizunguzungu, jasho la usiku na ndoto alizokuwa amezisahau. Sasa amerudi kwa daktari wake na anaendelea na tiba ya kusimulia, ambapo mgonjwa husimulia yaliyompata kwa mpangilio, ambayo utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa iliwasaidia wakimbizi wa Rwanda na Somalia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale hapa Uganda, ikitolewa na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo.

Nilipodai pesa zangu, muuzaji aliniita dada mara tatu, akaomba subira, kisha akanifungia mawasiliano. Jirani yangu ameandikiwa wiki hii kutoka nambari nyingine, kwa maneno yaleyale, ila lebo ya chupa imegeuka kutoka njano kuwa kijani. Chupa ya pili sijaifungua, na Jumatatu naipeleka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa pamoja na ile karatasi ya asilimia 22.