Mwaka mmoja na mtego wa mafuta jikoni kwangu

Nina mgahawa mdogo Majengo, Dodoma mjini: supu asubuhi, wali na ugali mchana, kuku na chipsi jioni. Julai mwaka jana chemba ya nje ilifurika, majitaka yakafika mlangoni kwa jirani yangu wa saluni. Alikuja jikoni taratibu, akasema tu, "Mama Neema, wateja wangu wanaruka maji yako." Aibu ile sijaisahau.

Fundi bomba alipozibua alitoa mabonge meupe, magumu kama sabuni ya mche. Mafuta yangu hayo. Ya alizeti hayagandi kirahisi, lakini ya mawese na ya nyama yanaganda, na baridi yetu ya Juni na Julai inayasaidia. Kila usiku nilikuwa namwaga maji ya moto na sabuni kwenye sinki nikidhani nasafisha. Kumbe nayasukuma tu. Mbele yakipoa yanang'ang'ania ndani ya bomba la mtaa, na bomba la mtaa tunalitumia wote. London mwaka 2017 walikuta bonge la namna hiyo eneo la Whitechapel, urefu wa mita 250, uzito wa tani 130 hivi.

Basi nikafungiwa mtego chini ya sinki: sanduku la stenlesi la lita 50, lina kuta mbili ndani. Maji yakiingia yanapunguza mwendo na kupoa, mafuta yanaelea, makombo yanazama, maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Kazi hiyo linaifanya vizuri sana.

Shida ni usafi wake. Niliambiwa niusafishe kila wiki mbili, kwangu hazifiki. Mafuta ya juu na tope la chini yakifika robo ya kina cha sanduku, mafuta yanaanza kupita. Mimi naufungua kila Jumatatu alfajiri kabla ya supu, na harufu yake, jamani, jiandae. Mpira wa mfuniko nao ulilegea mwezi wa nne, jiko likanuka siku mbili mpaka nikapata mwingine. Hapo aliyeuunda angeweka mpira mnene zaidi.

Tunayoyachota tunachanganya na maranda, tunafunga kwenye mfuko, linachukua gari la taka. Mafuta yaliyokaangia kuku hayaingii kwenye mtego kabisa: yanapoa, yanakwenda kwenye dumu, na kuna mama anayachukua kutengenezea sabuni. Sahani zinakwanguliwa kwanza. Hili niliwarudia vijana wangu mpaka likakaa, maana wiki ya kwanza mmoja alimwaga sufuria nzima ya mabaki ya supu, mtego ukajaa siku hiyo hiyo.

Anayekaanga kuliko mimi asichukue wa lita 50, utamtesa. Kwa jiko langu unatosha. Julai hii baridi ilikuwa kali, nikaifungua chemba ya nje mara mbili kuangalia: maji yanapita.