Mabasi ya vitanda ya Vietnam, Hanoi mpaka Saigon: nyota 3, na magoti yangu bado yanadai

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Mabasi ya vitanda ya Vietnam ni bei chee, yanafika, yanakuokolea hela ya gesti, ila kama urefu wako ni sentimita 180 kwenda juu jiandae kukunjwa kama kanga ya sandukuni. Nyota 3. Treni ntaiongelea huko chini, yenyewe nimeipa 4 na nusu japo inatembea kama ina mimba.

Mi nimemaliza chuo Nanning, kusini mwa China, miaka mitano ukihesabu na ule mwaka wa kukaririshwa Kichina, na nilishaapa sirudi Bongo bila kuona walau nchi moja ya jirani maana kutoka Nanning hadi mpakani ni kama masaa matatu tu kwa basi. Mizigo mikubwa nikachangia kontena na Wabongo wa Guangzhou, nikabaki na begi la mgongoni la lita 50 na kimkoba cha pasipoti, tiketi ya kurudi Dar nikakata kutokea Saigon (kwenye makaratasi ni Ho Chi Minh City ila mtaani kila mtu anasema Saigon). Siku 16 za kushuka nchi nzima, na nchi yenyewe ni ndefu na nyembamba kama mua.

Viza haisumbui siku hizi, tangu Agosti 2023 wamefungulia nchi zote viza ya mtandaoni, dola 25 kuingia mara moja na unaweza kupewa hadi siku 90. Yangu ilitoka ndani ya wiki. Kitu kimoja tu uwe makini nacho, kwenye fomu unachagua mlango utakaoingilia, sasa ukichagua uwanja wa ndege halafu ukatokea kwa basi pale mpakani Huu Nghi utakuwa umejitafutia kesi mwenyewe. Na ukivuka rudisha saa nyuma lisaa limoja, mi nilisahau nikafika kituoni Hanoi nimewahi lisaa zima nikabaki kunywa chai ya barafu kwenye kile kigoda chao cha plastiki, magoti yakigusa kidevu. Ile ilikuwa ishara ya yanayokuja ila sikuisoma.

Hesabu ya hela ni rahisi sana kwa Mtanzania, kata sifuri moja tu unapata shilingi, haiko sawasawa kabisa ila inatosha kukulinda usiibiwe. Kahawa dong 25,000 ni kama buku mbili na nusu. Laini nilichukua ya Viettel, hawa ndo wenye Halotel ya kwetu, wale wale, kampuni ya jeshi la Vietnam, nikamwonyesha dada wa dukani picha ya kibanda cha Halotel pale Masasi akaita wenzake wote waje waone. Bando lilishika mpaka milimani, kwa hilo sina neno.

Haya sasa basi. La kwanza Hanoi kwenda Hue, tuseme kilomita 670 hivi, nililipa dong 380,000, hiyo ni kama elfu 38 ya kwetu kwa safari ya usiku mzima, siyo mbaya hata kidogo. Mlangoni unavua viatu. Konda anakupa kimfuko cha plastiki, viatu unaweka humo unaingia navyo, ndani kuna mistari mitatu ya vitanda, chini na juu, na vinjia viwili vyembamba ambavyo begi la mgongoni halipiti labda ulivute kwa nyuma kama mbuzi wa Idi. Kitanda chenyewe hakilali flati, mgongo unainuka kidogo, halafu miguu unaiingiza kwenye boksi lililo chini ya kichwa cha mtu wa mbele. Sasa lile boksi. Waliolitengeneza walimpima mtu wa sentimita 165 wakaridhika. Mi nina 187. Nikiingiza miguu magoti yanabaki hewani, nikiyalaza nyayo zinakunjika, nikigeuka ubavu nakuwa nimelala njiani na kila anayeenda chooni ananikanyaga kiwiko.

Na hapo nilishalipia kitanda cha chini dirishani, namba iko kwenye tiketi, konda kaniangalia juu mpaka chini kasema "no no" kanionyesha nyuma kabisa juu, pale ambapo vitanda vitano vimebananishwa bila hata kizuizi katikati. Wageni wote tulikuwa huko, Wafaransa wawili, Mkorea mmoja na mimi, kama darasa la watoro. Nikamwonyesha tiketi, akaniambia maneno mengi ambayo sikuelewa hata moja, nikamwonyesha tena, akaondoka. Sitaji kampuni maana nilisikia hivyo hivyo kwa watu waliopanda mengine, inaonekana ni tabia ya njia ile. Kama unataka kitanda chako kweli, fika mapema, uwe wa kwanza kupanda, na ulale hapo hapo, ukishafumba macho hakuna wa kukuamsha.

Ila kuna bibi mmoja alikuwa ngazi ya chini karibu na sisi, kanikuta nahangaika na yale magoti akacheka mpaka akashika ubavu, akanyoosha mkono akanipima mguu kwa shibiri, moja, mbili, tatu, akawa anawaambia wenzake. Baadaye katoa kwenye kikapu embe bichi limekatwa vipande na kakaratasi kenye chumvi na pilipili. Jamani. Embe na pilipili kama pale Feri. Nilivyochovya bila kuuliza na kumung'unya na kufumba jicho moja akapiga makofi. Hatukuongea neno, nilikuwa namwita bibi tu na yeye ananiita sijui nani, ila usiku ule alikuwa ananipa kila kinachotoka kwenye kile kikapu.

Dereva anapiga honi usiku kucha. Siyo ile honi ya kumwamsha ng'ombe barabarani, ni honi yenye muziki, anaipiga akipita pikipiki, akipita lori, na nadhani akipita nyumba ya mkwewe. Nimepanda basi za Dar Mwanza tangu mdogo, na tangu usiku uliporuhusiwa tena kwetu 2023 nimeshapanda nilipokuja likizo, kwa hiyo siyo mtu wa kulialia, lakini nunua vya kuziba masikio. Saa saba usiku wanasimama kwa ajili ya kula na kuchimba dawa (choo kipo, siyo kichakani kama sisi tulivyozoea) na hapo mlangoni kuna kreti limejaa kandambili za plastiki, unachomoa yoyote unavaa unashuka. Wazo zuri sana. Mi navaa namba 45, kisigino chote kilikuwa kinatembea kwenye lami. Chakula hapo ni wali na mboga na nyama nyingi ya nguruwe, sisi tusiokula tafuta neno "chay", maana yake bila nyama kabisa, nilikariri hilo neno moja likanilisha nchi nzima.

Hue tulishushwa saa kumi alfajiri pembeni ya mji, siyo kituoni kama tiketi ilivyosema, na bodaboda walikuwa wanatungoja kama wamepigiwa simu. Bei ya kwanza dong 200,000. Nikafungua Grab, programu ya simu ya kuita usafiri, pikipiki ileile, 30,000 na kitu. Weka hiyo programu kabla hujavuka mpaka, hilo siyo ombi.

Hue yenyewe, ngome ya wafalme wa Nguyen waliotawala 1802 hadi 1945, nzuri sana lakini mwezi wa saba jua lake ni la Dodoma na unyevu ni wa Tanga vikichanganywa pamoja, nilitembea masaa mawili nikaenda kulala.

Sasa treni. Hue kwenda Da Nang ni kilomita 103 tu na inachukua karibu masaa matatu, basi ingewahi zaidi maana siku hizi kuna handaki, lakini ndugu yangu usithubutu kupanda basi hapo. Kaa upande wa kushoto ukielekea kusini. Reli inazunguka mlima wa Hai Van pembezoni kabisa mwa bahari, chini mawe na mawimbi, juu msitu, na inapopinda unaliona behewa la mbele likikutazama. Kwa fani yangu mi nilikuwa nachungulia madaraja tu. Reli yao ina upana wa mita moja, ileile geji ya reli yetu ya zamani ya Kati, Wafaransa waliimaliza 1936 Hanoi mpaka Saigon kilomita 1,726, ikaja kukatika nchi ilipogawanywa na kuunganishwa tena 1976. Na bado inabeba watu kila siku! Nikakumbuka sisi tulivyoizoea ya kwetu kuisema vibaya. Mabehewa ya kulala yana vyumba vya watu 4 na vya watu 6, kama TAZARA kabisa daraja la kwanza na la pili, mi kwa kipande hiki nilikaa kiti laini, kama dong 100,000, na miguu nilinyoosha nikaisahau. Mama mmoja anapita na kitoroli cha mahindi ya kuchemsha. Nusu nyota nimeikata kwa ajili ya choo.

Hoi An haina treni, unashuka Da Nang unatafuta usafiri wa kilomita 30. Nitaipita haraka maana kila mtu ameiandika, mji wa bandari wa zamani, UNESCO wameuweka kwenye orodha 1999, ukitembea asubuhi mapema kabla watalii hawajaamka unajihisi uko Mji Mkongwe ila kuta za njano. Kuna kisa kimoja lazima nikiseme. Noti yao ya 20,000 ni ya bluu na ya 500,000 nayo ni ya bluu, za plastiki zote, na usiku chini ya zile taa hazina tofauti. Nimenunua dafu nikampa mama muuzaji nikaondoka zangu, nimefika darajani nasikia mtu anakimbia nyuma na kandambili, pa pa pa, ni yule mama kashika laki tano yangu anahema, akanigombeza kwa Kivietnam kama vile mama mkubwa anavyokugombeza, akachukua elfu ishirini yake akarudi. Tangu hapo bluu kubwa nilihifadhi soksini.

Basi la pili, Hoi An kwenda Nha Trang, usiku tena, na hapa ndo nyota zilipopungua. Konda kachukua begi langu kalitupa buti la chini pamoja na pikipiki mbili, magunia na madumu. Nikauliza madumu ya nini kwa ishara, kanionyesha kidole gumba juu. Asubuhi Nha Trang nafungua buti, dumu moja limevuja, na ndani siyo maji, ni ule mchuzi wao wa samaki waliochachushwa na chumvi miezi na miezi, unaonekana kama chai na unanuka kama boti ya dagaa iliyosahaulika Kivukoni. Begi limelowa upande mzima. Konda kaniletea tishu. Tishu mbili! Nimelifua Nha Trang kwa sabuni ya unga, nikalianika kwenye paa la hosteli, mhudumu akanusa akasema ni mchuzi wa daraja zuri. Sawa, asante.

La tatu Nha Trang kwenda Saigon nikasema liwalo na liwe nikalipia lile la vyumba, wanaita la kabini, vitanda 22 tu badala ya 40, kila mtu na pazia lake na chaji ya simu, na kitanda kirefu kiasi kwamba nilikunja goti moja tu. Bei ilikaribia mara mbili. Hilo ndo la kupanda wajameni, nasikitika nililijua mwishoni, na hilo peke yake ndo linafanya jumla iwe 3 na siyo 2. Kwa hiyo kama unapanga safari hii, Hanoi mpaka Hue panda treni ya usiku chumba cha watu 4, Hue Da Nang treni mchana, kuanzia Hoi An kwenda chini basi la kabini. Mzigo wenye nguo na vyeti uingie nao ndani hata konda akinuna, buti ni la madumu.

Saigon siku ya mwisho nikaenda soko la Ben Thanh kununua zawadi, nakutana na korosho zimepangwa kwenye makopo, zimekaangwa na chumvi na ganda jembamba la ndani limeachwa makusudi. Sisi kwetu Masasi shamba la korosho ndo lililonisomesha kabla ya skolashipu, na korosho ghafi za Mtwara nyingi zinapandishwa meli kwenda hukohuko Vietnam kubanguliwa. Nikanunua makopo mawili, yamebandikwa lebo nzuri, dada kanifungia na utepe.

Mama kaonja moja kauliza mbona hawajamaliza kumenya. Begi kalinusa toka mlangoni, liko nyuma ya nyumba juani hadi leo na paka wa jirani ameshahamia hapo.