Pampu ya kuzamisha yenye boya: uzoefu wangu wa kutoa tope kwenye tangi la maji ya kunywa

Hii ni ile ndogo ya plastiki, wati 400, inayouzwa kama pampu ya maji machafu. Nimeitumia kwenye matangi ya lita 5,000 na 10,000 yanayojazwa na maji ya mgao. Kumwaga maji inaweza sana. Kutoa tope haiwezi, hata kama boksi lake linasema hivyo.

Kosa la kawaida ni kuitua moja kwa moja sakafuni. Inavuruga mashapo, na tope laini likishapanda linachukua saa nyingi kutua. Isimamishe juu ya ndoo safi iliyofunikwa kichwa chini, mwaga maji ya juu mpaka yabaki kimo cha goti, kisha izime. Hapo shika mpira wa inchi moja uliofungwa kwenye kipande cha bomba la PVC, uache maji yajivute yenyewe kwenda chini, nje ya tangi, huku ukiuburuta taratibu sakafuni. Mpira wa nusu inchi unazibwa na magamba ya kutu.

Tope likipungua, rudisha pampu. Boya lake linazima mota mapema mno; lifunge wima kwa kamba, ivute mpaka zibaki sentimita tatu hivi. Usiondoke: ikikauka, sili inayozuia maji kuingia kwenye mota inaungua. Zinazobaki ni za kizoleo na sponji, hakuna ujanja.

Mtu asiingie kabla pampu haijachomolewa kwenye umeme, na awepo mwenzake mdomoni mwa tangi. Pampu ya petroli isikaribie kabisa. Moshi wake ndani ya tangi unaua. Sugua kwa brashi ya nailoni, kwa sababu brashi ya chuma inachuna plastiki na utelezi unajificha kwenye mikwaruzo. Sabuni ya unga sipendi, harufu yake haitoki.

Kuua vijidudu: HTH (klorini ya chembechembe) ya asilimia 65, gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya plastiki, mimina tangi likiwa robo, kisha jaza. Fungua kila koki mpaka maji yanuke klorini, funga, acha saa 24, mwaga yote. Si bustanini, wala kwenye shimo la choo.

Kwa kumwaga, nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya waya: mita 10 hazifiki tangi lililo juu ya mnara, na ekstensheni lazima kiungo chake kikae nje, pakavu.