Besi za bei nafuu kwa anayeanza: nilizozitumia na ninayoipendekeza

Besi (magitaa ya besi) tatu za bei ya chini hutajwa sana pale mtu anapotaka kuanza: Yamaha TRBX174, Ibanez GSR200 na Squier Affinity Precision Bass PJ. Zote tatu nimezipiga na kuzirekebisha kiasi cha kuzijua tabia. Nikiambiwa nichague moja kwa mtu ambaye hajawahi kushika besi, ninamchukulia Yamaha. Ila jibu hilo lina sharti: Yamaha yenye shingo mbovu inashindwa na besi isiyo na jina yenye shingo nzuri. Kwenye bei hizi, besi mbili za modeli ileile zinaweza kutofautiana kuliko modeli mbili za kampuni tofauti. Ndiyo maana naanza na ukaguzi, modeli baadaye.

Shingo kwanza

Rangi, umbo na hata sauti vina namna ya kurekebishwa. Shingo iliyosokotwa haina. Inua besi, weka jicho kwenye kichwa chake na uangalie kuelekea mwilini, ukifuata ukingo wa upande wa uzi mnene, kisha ukingo wa upande wa uzi mwembamba. Kingo zote mbili zinapaswa kwenda sambamba. Ukiona upande mmoja unapanda huku mwingine unashuka, rudisha besi hiyo mahali pake. Ule ufito wa chuma uliofichwa ndani ya shingo hushughulikia mpindo wa kwenda mbele au nyuma tu, msokoto hauuwezi.

Mpindo wenyewe hupimwa kwa uzi. Bonyeza uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo, vinavyohesabiwa kuanzia upande wa kichwa) kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Uzi uliokazwa hivyo umegeuka rula. Sasa angalia mwanya kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8: milimita 0.3 hivi ni sawa kabisa. Ukizidi nusu milimita, shingo imevutwa mbele na nyuzi, na ufito unahitaji kukazwa kwa kuzungusha kulia. Mwanya usipokuwepo kabisa, shingo imenyooka mno au imepinda kinyumenyume, basi legeza kushoto. Robo mzunguko kwa mara moja, tyuni upya (rudisha kila uzi kwenye noti yake), pima tena. Mbao hazina haraka; mara nyingine shingo huendelea kusogea hadi kesho yake, kwa hiyo usikaze mara tatu mfululizo ukidhani haijasikia.

Kabla ya kulipa, hakikisha ufito huo unafanya kazi. Muulize muuzaji spana yake ya pembe sita iko wapi na amwombe mtu wa karakana auzungushe kidogo mbele yako. Tundu la spana likiwa limelika, au ufito umekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda mbele, hiyo si besi ya bei nafuu tena, maana matengenezo yake yanaweza kupita bei uliyonunulia.

Kisha piga kila freti kwenye kila uzi, kuanzia ya 1 hadi ya mwisho, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu. Inachosha, lakini ndicho kipimo kinachosema kweli, na mlio wa bati unapotokea mahali pake hukutajia ugonjwa wenyewe. Ukisikika kwenye freti za 1 hadi 5 tu, shingo imenyooka kupita kiasi. Ukisikika kuanzia ya 12 kuelekea mwilini, nyuzi ziko chini mno kwenye daraja, kile chuma cha mwilini zinapoishia, au shingo imeinuka pale inapoungana na mwili, na hilo la pili ni zito. Noti moja tu ikilia vibaya huku jirani zake ni safi, freti iliyo mbele yake imeinuka. Na uzi ukilia bati unapopigwa wazi lakini ukawa safi ukibonyezwa, mfereji wake kwenye kizingiti, kile kipande chembamba mwanzoni mwa shingo, umechimbwa kupita kiasi.

Pitisha pia kiganja kwenye kingo za shingo. Ncha za freti zinazokwaruza maana yake mbao imekauka na kusinyaa baada ya freti kuwekwa. Ni kazi ndogo ya tupa, lakini itumie kuombea punguzo.

Kuna jambo moja lisikutishe. Kwenye uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, kati ya freti ya 5 na ya 7, besi nyingi zina noti moja inayokufa mapema kuliko nyingine. Hata besi za gharama kubwa zina doa hilo, kwa sababu linatokana na namna shingo yenyewe inavyotikisika. Ikatae tu ile ambayo noti hiyo inazimika karibu papo hapo.

Urefu wa nyuzi, unaowakatisha tamaa wengi

Besi nyingi za bei hii hufika dukani nyuzi zikiwa juu sana. Anayeanza hubonyeza, vidole vinamuuma, anadhani hana nguvu. Pima kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: milimita 2 kwa G na milimita 2.5 kwa E ni kipimo cha starehe. Ukikuta 3.5 au 4, usiikatae besi kwa hilo. Ni suala la marekebisho.

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua huathiri inayofuata: tyuni kwanza, nyoosha shingo, kisha punguza urefu kwenye daraja, mwisho panga usahihi wa noti. Kila uzi umekalia kitandiko chake kwenye daraja, na kila kitandiko kina skrubu mbili ndogo za kukishusha au kukipandisha. Shusha kidogokidogo hadi uanze kusikia mlio wa bati, kisha pandisha nusu mzunguko.

Usahihi wa noti unahitaji tyuna, kifaa kinachoonyesha noti iko juu au chini ya kiwango chake. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kubonyeza, upate ile sauti nyembamba ya kengele. Halafu bonyeza freti hiyohiyo na ulinganishe. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Uzi wa E karibu kila mara huishia nyuma kuliko wenzake. Nyuzi zilizochakaa hazikubali kupangwa hata ukikesha, kwa hiyo badilisha kwanza.

Kizingiti ndicho pekee ninachokuomba umwachie fundi. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, uangalie juu ya freti ya 1: panapaswa kubaki mwanya mdogo mno, wa kuonekana kwa taabu. Ukiwa mkubwa, noti za mwanzo wa shingo zitakuwa ngumu na zitalia juu ya kiwango chake. Kuchimba mfereji kunahitaji tupa maalumu, na ukizidisha kidogo tu kipande kizima kinabadilishwa.

Pikapu na umeme wake

Besi zote tatu nilizotaja zina mpangilio unaoitwa PJ: pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) ya P iliyogawanywa vipande viwili katikati ya mwili, na pikapu ya J iliyo ndefu na nyembamba karibu na daraja. P ndiyo inayobeba sauti nene ya kifuani. J inaongeza ukali na uwazi wa kila noti. Kwa anayeanza naona huu ndio mpangilio bora, kwa sababu anajifunza tofauti ya sauti mbili kwa kuzungusha kifundo tu. Fahamu kwamba vipande viwili vya P hufuta mvumo wa umeme kati yao, ilhali J ya kawaida haina wa kumfutia, hivyo ukiifungua utasikia mvumo kidogo. Si ubovu.

Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi nao ni wa kawaida. Ukigusa nyuzi na usisikie mabadiliko yoyote, huku mvumo ni mkubwa, huenda waya wa ethi unaotoka kwenye daraja umekatika. Vifundo vinavyokwaruza sauti vikizungushwa vina vumbi. Dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme inatosha. Tundu la kebo likilegea, lishike kwa ndani unapokaza nati ya nje, la sivyo tundu zima linazunguka na kukata nyaya zake.

Sasa modeli zenyewe

Yamaha TRBX174 ina freti 24, urefu wa uzi ni inchi 34 (milimita 864), na haitumii betri. Ina vifundo vitatu: sauti ya kila pikapu na toni. Hakuna cha kumchanganya mtu, na mwili wake umechongwa vizuri kwa anayekaa na anayesimama.

Ibanez GSR200 ina freti 22 na shingo nyembamba inayopendwa na wenye viganja vidogo. Ina kifundo cha kuongeza uzito wa sauti kinachotumia betri ya volti 9. Wanaoanza wengi hukifungua chote, sauti inakuwa tope, halafu hawasikii makosa yao. Kebo ikibaki imechomekwa, betri inaendelea kuliwa; chomoa kila unapomaliza. Sauti ikianza kuchanika bila sababu, badilisha betri kabla ya kumtafuta fundi.

Squier inafuata umbo la Precision Bass, ambayo kampuni ya Fender, wamiliki wa jina la Squier, waliitoa mwaka 1951 na kuipa pikapu ya vipande viwili mwaka 1957. Freti 20 zinatosha kabisa. Sijaona anayeanza aliyekwama kwa kukosa ya 21. Faida yake kubwa ni vipuri: kwa sababu umbo hilo limeigwa kila mahali, pikapu na madaraja ya kubadilisha ni mengi. Pima matundu kwanza, kwani si kila kipuri kinaingia moja kwa moja.

Kwa mtoto, au mtu mzima ambaye mkono haufiki, kuna besi fupi. Squier Bronco ina urefu wa uzi wa inchi 30 na Ibanez miKro GSRM20 ina inchi 28.6. Kwenye besi ya inchi 34, kutoka freti ya 1 hadi ya 4 ni kama milimita 130; kwenye ya inchi 30 ni kama 114. Tofauti hiyo inasikika kwenye kifundo cha mkono. Nyuzi zake ziwe za besi fupi. Zile za kawaida zinaishia kukunja sehemu nene kwenye kigingi (kile cha kukazia uzi kichwani), na hapo ndipo zinapokatika. E yake pia hulegea kidogo, kwa hiyo chagua seti nene.

Besi ya nyuzi tano kwa bei hii siipendekezi. Uzi wa B hutetemeka takribani mara 31 kwa sekunde, na shingo nyingi za bei ya chini zinautoa ukiwa umelegea, noti haieleweki.

Vya kununua pamoja nayo

Furushi lenye besi, spika, mfuko na mkanda silipendi: pesa inagawanywa, na kinachopunjwa kwa kawaida ni spika. Spika ya gitaa la kawaida ikifunguliwa sana kwa besi inaweza kuharibika, maana uzi wa E unashuka hadi hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Kwa chumbani, spika ya besi ya wati 20 hivi inatosha. Ukiwa huna nafasi wala pesa, amplifaya ndogo ya kuchomeka kwenye besi yenyewe, pamoja na hedifoni, hukupa sauti safi zaidi kuliko spika nyingi za furushi. Pakiwa na mpiga ngoma, anzia wati 200.

Mkanda uwe na upana wa sentimita 7 au zaidi, na upande wa ndani uwe wa kukwaruza. Dukani, vaa besi, kisha uachie mikono. Kichwa kikishuka chini chenyewe, mkono wa kushoto utakuwa unafanya kazi ya kukibeba badala ya kupiga.

Nyuzi za kiwandani badilisha mapema. Seti ya 45 hadi 105 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi) ya nikeli ndiyo ya kawaida. Vuta uzi hadi kwenye kigingi chake, uache ziada ya sentimita 10 hadi 12, kisha ukunje kwa pembe kali kabla ya kukata, ili ule waya wa nje usifumuke. Ingiza ncha kwenye tundu la kigingi, na mizunguko iteremke chini, miwili au mitatu. Ukihamia seti nyepesi ya 40 hadi 100, mvuto unapungua, shingo inarudi nyuma na mlio wa bati unaanza kwenye freti za mwanzo. Hapo legeza ufito robo mzunguko, uiache usiku kucha, upime tena asubuhi.