TAHADHARI: Anayeuza "tiketi za maili" za Dubai–Muscat, Bahrain na Doha kwa nusu bei ni TAPELI

Wadau wa Ghuba na wote mnaopitapita huku, hii ni ndefu kidogo ila naomba usome kabla hujamtumia mtu hela ya tiketi, hasa saa hizi watu wanajipanga kwenda Muscat kula Idi na ndugu na bei za ndege zimeshapanda.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa Dubai, Sharjah, Ajman na Doha, anajiita memba wa Gold wa shirika kubwa la ndege, anasema ana maili kibao (zile pointi shirika linampa msafiri wa mara kwa mara, anazoweza kulipia tiketi) zinakaribia kuisha muda wake kwa hiyo anawakatia watu safari fupi fupi, Dubai–Muscat, Dubai–Bahrain, Doha–Kuwait, kwa nusu ya bei unayoiona mtandaoni. Kiswahili chake kizuri tu, leo anakuja na lafudhi ya Mombasa kesho ya Dar, kwenye profaili kaweka mkia wa ndege na stetasi zake zimejaa skrinshoti za watu wanaomshukuru. Usimtumie hata dirham moja.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya dada mmoja wa Mombasa anayefanya kazi Ajman, shangazi yake yuko Muscat na kulikuwa na arusi ya binti wa huyo shangazi. Jamaa akamwambia dirham 350 kwenda na kurudi. Dada wa watu hakuwa mjinga, alimwambia nitalipa nikishaona tiketi, jamaa akasema hamna neno dada'angu, baada ya nusu saa akamtumia namba ya bukingi, zile herufi na tarakimu sita, akamwambia ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika uhakikishe. Akaingia, akaweka ile namba na jina la ukoo, ikafunguka! Jina lake limeandikwa vizuri kama lilivyo kwenye pasipoti, ndege ipo, tarehe zipo, pembeni imeandikwa imethibitishwa. Nani hapo asingelipa? Akalipa.

Siku ya safari kafika kaunta na begi lake na zawadi za bi harusi, binti wa kaunta anabofya, anabofya tena, anamwita mwenzake, mwishowe anamwambia bukingi ilikuwepo ila haikuwahi kukatiwa tiketi na sistimu ilishaifuta. Akampigia jamaa, hapokei, anatuma voisi tu. Hiyo voisi nimeisikiliza mwenyewe, jamaa katulia kabisa, "Dada usipaniki, hiyo sistimu yao inasumbuaga wikendi, nitumie mia mbili ya kuaktiveti halafu rudi kaunta nyingine, usirudi kwa huyo wa kwanza." Mtu yuko kwenye foleni ya uwanja wa ndege na arusi inamsubiri, bado wewe unamtafuta mia mbili nyingine juu! Alipogoma akala bloku hapo hapo.

Sasa nieleze ilivyowezekana ile bukingi ikafunguka, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Bukingi na tiketi ni vitu viwili tofauti. Mashirika mengi, na maejenti karibu wote, wanaweza kukushikia siti kwa masaa kadhaa au siku moja mbili bila hela kulipwa, na muda wote huo ukiingiza namba ya bukingi kwenye tovuti ya shirika safari yako inaonekana vizuri kabisa. Muda ukiisha bila malipo sistimu inaifuta yenyewe, hakuna anayekupigia kukuambia. Kwa hiyo tapeli hakughushi kitu, kakushikia siti ya kweli kwenye ndege ya kweli, akachukua hela yako akaacha muda uishe.

Kitu cha kudai ni namba ya tiketi yenyewe. Ina tarakimu 13, na 3 za mwanzo zinaonyesha shirika lililoitoa: Emirates ni 176, Qatar Airways 157, Ethiopian 071, Kenya Airways 706, British Airways 125. Hiyo namba inakuwepo kwenye risiti ya tiketi inayokuja kwa imeili kutoka kwenye shirika lenyewe, sio PDF iliyotoka kwenye WhatsApp ya mtu, PDF hata mtoto wa darasa la saba anatengeneza kwenye simu. Kuna mashirika ya bei nafuu hayana mambo ya tarakimu 13, hapo angalia kama ukurasa wa bukingi unaonyesha imelipwa yote au kuna salio. Ukiwa na wasiwasi piga simu shirika, uliza swali moja tu, hii bukingi imeshakatiwa tiketi au imeshikiliwa? Watakujibu, ni safari yako.

Halafu maneno yake mwenyewe yanamuumbua ukiwa unazijua hizi programu kidogo. Mimi nina kadi za memba za mashirika mawili huku kwa sababu kazi yangu ni ya kwenda na kurudi, kwa hiyo aliyoyaandika kwenye tangazo lake yalinichekesha. Anasema memba wa Gold ananunua tiketi nusu bei. Hakuna hicho kitu, Gold inakupa launji, kilo za ziada, foleni fupi na kupangiwa siti mapema, bei ya tiketi ni ile ile anayolipa kila mtu. Anasema pia tiketi anayokukatia kwa maili zake itakuongezea na wewe maili kwenye akaunti yako. Uongo mtupu, safari iliyolipiwa kwa maili kwa kawaida haizai maili nyingine. Na anasema hamna gharama nyingine, wakati tiketi ya maili bado ina kodi na tozo za uwanja ambazo kwa kawaida zinalipwa kwa kadi, sasa hiyo kadi ya nani? Jiulize hapo.

Ila hiyo ahadi ya kukuongezea maili ina kazi yake. Anakuomba namba yako ya umemba na paswedi "ili niunganishe na bukingi". Ndugu yangu, kuweka namba ya umemba kwenye bukingi hakuhitaji paswedi hata siku moja, inatosha ile namba na jina. Yule dada alimpa, halafu ikaja OTP, ile namba ya siri ya kutumika mara moja, kwenye simu akamsomea nayo, na alipokuja kufungua akaunti wiki ile ile maili zake zote za safari za Nairobi alizokusanya kidogo kidogo zilikuwa zimeshatumika kumkatia tiketi mtu asiyemjua. Yaani kapigwa hela, kapigwa na maili, na ukiwaza vizuri maili zake ndiyo zilizomfanya mteja mwingine wa huyo jamaa asafiri kweli na kwenda kuandika "asante sana boss" kwenye grupu.

Hapo nataka mkae sawa maana watu wananiambia mbona fulani alisafiri naye na hakupata shida. Ndiyo, wapo waliosafiri. Hao walipata tiketi ya kweli, ila ya maili za wizi au kadi ya wizi. Wizi wa maili haujaanza leo, mwezi wa tatu 2015 British Airways walilazimika kufunga kwa muda akaunti maelfu za wanachama wao baada ya wezi kuziingilia, na hizo ni akaunti ambazo wengi wetu hatuangalii kwa miezi, mtu anaangalia benki kila siku ila maili anakumbuka akitaka kusafiri. Siku hizi Avios, ndiyo jina la maili zao, za British Airways na za Qatar Airways unaweza kuzihamisha kutoka akaunti moja kwenda nyingine tangu Qatar walivyohamia Avios mwaka 2022, kwetu sisi memba ni neema, kwa mwizi pia. Ndiyo maana unaweza kujikuta unapanda ndege ya Qatar lakini tiketi yako inaanza na 125, maana yake imetolewa na British Airways kwa pointi za memba wao. Yenyewe sio dhambi, mimi mwenyewe nimeshakata hivyo. Ila kama wewe huna ndugu yeyote mwenye akaunti ya British Airways, hizo pointi ni za nani?

Na ndiyo maana anapenda safari fupi za karibu karibu na anakuharakisha, lipa leo usafiri kesho. Safari ya saa moja na kitu inakula maili chache, mwenye akaunti hashtuki haraka, na mpaka aje agundue apige simu wewe ulishatua. Balaa ni kurudi. Mwenye mali akilalamika shirika linafuta kilichobaki, na kilichobaki ni kipande chako cha kurudi, unafika uwanja wa Muscat Jumamosi unaambiwa tiketi haipo na tiketi ya siku hiyo hiyo bei yake utaikuta inakucheka. Kazini unatakiwa Jumapili asubuhi. Na ambaye alitoka hapa kwa visa ya matembezi na alikuwa amepanga tarehe zake kwa hesabu ya mkononi, akichelewa upande wa pili mipango yote inaharibika, na akikwama upande huu faini ya kuzidisha siku hapa Emirati ni dirham 50 kila siku inayopita.

Kuna na hili watu hawapendi kulisikia: jina lililoandikwa kwenye tiketi ya wizi ni lako, muuzaji hayumo. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, wana operesheni ya viwanja vya ndege, wanashirikiana na Interpol na IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani) na mabenki, wanakamata wasafiri wenye tiketi zilizolipiwa kwa kadi za wizi pale pale kaunta au getini. Utajieleza, labda utaeleweka, ila utajielezea kwenye chumba cha polisi na sio kwenye ndege. Huku Ghuba sheria za uhalifu wa mtandaoni hazina mchezo, Emirati wana ile ya 2021, na wengi wetu kibali cha kukaa kiko mikononi mwa mwajiri.

Dalili nyingine niliyoiona kwa huyu ni njia ya malipo. Anasema yuko Sharjah lakini hataki muonane, hataki benki ya hapa, hela inatumwa M-Pesa nyumbani Kenya kwa jina la mwanamke, ukiuliza anasema ni wifi yake. Mtu anaishi Sharjah na wewe uko Ajman, hapo ni dakika ishirini kwa teksi bila foleni, kwa nini hela izunguke Nairobi?

Kama umeshampa, fanya haraka. M-Pesa ya Kenya unaforwadi ile meseji ya muamala kwenda 456 kuomba irudishwe, ukiwahi kabla hajaitoa kuna matumaini, akishaitoa sahau. Namba yake ripoti Safaricom kwa 333, kwa Tanzania ni 15040. Kwa walioko Dubai kuna jukwaa la eCrime la polisi, unajaza kwenye simu, weka skrinshoti, voisi, na risiti, usifute chati hata kama inakuudhi kuitazama. Akaunti ya maili badilisha paswedi leo, na kama hiyo paswedi ndiyo ya imeili yako badilisha na ya imeili kwanza, kisha piga shirika waifunge kwa muda wachunguze, wakati mwingine wanarudisha maili wakithibitisha ziliibwa.

Ukipiga shirika namba itoe kwenye tovuti yao au nyuma ya kadi, usiandike tu Google "huduma kwa wateja" ukapiga ya kwanza inayotokea. Yule dada alipolalamika kule X, ndani ya dakika chache akajibiwa na akaunti yenye nembo ya shirika ikimuomba namba ya WhatsApp "tumrudishie hela yake". Matapeli wengine hao, wanavizia waliolizwa tayari.

Na wanaouliza basi njia halali ya kusafiri kwa maili ni ipi: kama mjomba wako ana maili akukatie mwenyewe kutoka akaunti yake, ruksa, programu nyingi zinakubali kumkatia ndugu, nyingine zinataka jina lako liwe kwenye orodha yake kwanza. Skywards, programu ya maili ya Emirates, wana akaunti ya familia mnachangia maili watu mpaka 8. Kilichokatazwa kwenye programu zote ni KUUZIANA, wakigundua wanafunga akaunti ya muuzaji na tiketi yako inaenda nayo, hata kama maili zilikuwa zake halali. Maili za Skywards unaweza kuzitumia na kwenye flydubai tangu 2018, kwa hiyo kwa safari fupi za huku angalia na huko kabla hujasema siti hamna. Na Muscat jamani mabasi yapo, Mwasalat, kampuni ya mabasi ya Oman, wanatoka Sharjah, ni masaa mengi na mpakani kuna kusubiri, ila unafika.

Namba zake sizianiki hapa, ameshabadilisha laini tangu wiki iliyopita na sitaki aje apewe mtu mwingine ile ya zamani asumbuliwe bure. Aliyetuma hela M-Pesa kwa jina la huyo "wifi" aje inboksi na risiti yake, mpaka sasa tuko wanne tunaounganisha ripoti moja, na adimini wa magrupu ya Doha naomba mlipitishe hili huko maana nasikia ndiko alikohamia.