Rangi tatu, pleti sita: lebo zetu za kahawa, Mbeya mjini

Kama una kazi ya rangi moja, wapelekee tu hawa wachapaji. Zikizidi hapo, keti na mtu wa kompyuta mpaka amalize, hata akikununia.

Nilipeleka lebo za pakiti za kahawa ya kikundi chetu cha Mbozi. Kijani, hudhurungi na nyeusi, basi. Siyo zile rangi nne za kawaida. Hizi wino unachanganywa kwanza ndipo unaingia mashineni, kila rangi na pleti yake, yaani bamba lake la kuchapia. Ankara ikaja ya pleti sita! Nikauliza. Kijana, shikamoo hana, macho kwenye simu: "Mama, faili lako ndivyo lilivyo. Kompyuta haidanganyi."

Haidanganyi? Nikamwambia afungue orodha ya wino. Kijani kimejiandikisha mara tatu kwa namba za Pantone, ule mfumo wa rangi wa wachapaji: 349 C, 349 U, na 349 CVC ya programu za zamani, iliyoingia na nembo. Hudhurungi mara mbili, 4625 C na 4625 U. C na U zinataja aina ya karatasi, iliyopakwa utando laini na isiyopakwa. Lakini programu inasoma jina tu. Herufi moja ikitofautiana, pleti nyingine hiyo. Na mashine yao inachapa rangi mbili kwa mpigo, kwa hiyo karatasi ingepita mara tatu badala ya mbili, rangi zizidi kupishana.

Dawa iko humo humo kwenye InDesign, programu yao ya kupangia kurasa, sehemu ya Ink Manager: unaiambia 349 U ifuate 349 C, mchoro huugusi. Jibu lake? "Hiyo sisi hatutumii." Sasa pale mezani umewekwa ufanye nini, mwanangu?

Fundi wa mashine, mzee wa makamo ya baba yangu, akasikia kelele akaja. Akatazama orodha, akacheka: "Kijani si hiki kimoja tu, mama?" Akachanganya wino mwenyewe, akaupaka kwa kidole kwenye karatasi yetu, akatoka nao juani kuulinganisha na kitabu cha Pantone kilichochakaa. Jamani, kile kijani! Lebo zimetoka safi mno, nikamshukuru, ndaga fijo, nikaapa kazi zote za kikundi ni hapa hapa.

Kupewa risiti: pleti sita. Eti ankara ilishaingia kwenye mfumo. Nyota mbili. Haya, tatu, ya tatu ni ya mzee peke yake. Hela ya pleti tatu naidai bado.