Makumbusho ya Kisumu: umri gani wa mtoto, sehemu gani

Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa 1980, kando ya barabara ya kwenda Nairobi, na ni mahali pazuri sana pa kumpeleka mtoto siku ya mapumziko. Kinachoharibu ziara ni kuwatembeza wa miaka mitatu na wa kumi na mitatu kwa mwendo mmoja. Mdogo huanza kulia njiani, mkubwa naye huzama kwenye simu.

Walio chini ya miaka sita waanzie kwa kobe na samaki wangali na nguvu. Dakika arobaini zawatosha. Wadogo kabisa, leso mgongoni ni bora kuliko kigari. Penye shimo la mamba usimkalishe mtoto juu ya ukuta hata kidogo. Mpakate kifuani kwa mikono miwili.

Wanaofaidi zaidi ni wa miaka sita hadi tisa, na kivutio chao ni kamongo. Samaki huyu ana mapafu, hivyo sharti apande juu kuvuta hewa. Msimame mbele ya tangi, mtoto ahesabu polepole mpaka apande. Huenda mkangoja dakika kadhaa, basi ngojeni: anayepitishwa mbio huona samaki mrefu aliyelala tu.

Nyoka nao huwavunja moyo watoto kwa kutotikisika, ndipo wanapoanza kugonga kioo. Wazuieni. Nyoka hana sikio la nje ila huhisi mtetemo, na kumgonga ni kumsumbua bure. Waambieni watafute kichwa kilipo, kisha wafuate mwili hadi mkiani, wakingoja ulimi wenye ncha mbili utoke; kwa huo ndio hunusa.

Kuanzia miaka kumi, sehemu yenye utajiri ni Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Bila kazi ya kufanya, kijana ataona nyumba za udongo na kuondoka. Mpe karatasi na penseli achore ramani: nyumba ya mikayi (mke wa kwanza) inayoelekeana na lango, ya nyachira (mke wa pili), ya reru (mke wa tatu), dero, yaani maghala ya nafaka, na simba, yaani nyumba ya kijana wa kiume, ya mwana wa kwanza karibu na lango. Muulize kwa nini simba iko pale. Mwana huyo ndiye wa kwanza kutoka kuanzisha dala (boma) lake, na akishalielewa hilo mpangilio wote humfungukia. Akitoka hapo, mrudishe kwenye matangi umweleze jinsi mbuta (sangara) alivyoletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zikaangamia.

Fikeni saa tatu asubuhi, na maji na kofia. Saa saba jua la Kisumu huwa kali, na alasiri mvua ya radi si ajabu. Hifadhi ya wanyama ya Swala (Impala Sanctuary) iko mji uo huo, lakini mkiwa na mtoto wa chini ya miaka sita, iwekeeni siku nyingine.